Kadi ya kupimia masalia ya viuatilifu inapogoma au kudanganya: dalili, visababishi na marekebisho

Kazi yangu ni kupima kama mboga zina masalia ya viuatilifu, yaani dawa za kuua wadudu na ukungu, kwenye ghala la kufungashia lililo karibu na Tengeru, nje kidogo ya jiji la Arusha, na hitilafu zilizokusanywa hapa ni zile ambazo wapimaji wenzangu wa Arusha na Moshi hunirudishia mara kwa mara. Nyingi kati yake hazitokani na mboga. Hutokana na baridi, maji, taa, au mtu aliyesoma rangi kinyume na ilivyokusudiwa. Kwa hiyo kabla ya kumrudishia mkulima gunia lake, chunguza kwanza kipimo chenyewe.

Vipimo vya haraka vinavyoonekana zaidi huku ni vya aina tatu. Aina ya kwanza ni kadi yenye viduara viwili, kimoja cheupe na kingine chekundu. Kiduara cheupe kina kimeng'enya (enzaimu) kiitwacho kolinesterasi, na chekundu kina kemikali ambayo kimeng'enya hicho huikata na kuifanya bluu. Viuatilifu vya jamii ya organofosfati na karbamati hukifunga kimeng'enya hicho, kama vinavyofanya kwenye mishipa ya fahamu ya mdudu na ya binadamu. Aina ya pili ni kimiminika chekundu chenye chembe ndogo mno za dhahabu, ambacho hugeuka zambarau au bluu chembe hizo zinapogandana. Aina ya tatu ni vipande vya karatasi au vichupa vyenye nukta za kaboni (chembe ndogo mno za kaboni) au vitu vingine vinavyong'aa vikimulikwa kwa taa ya urujuanimno (UV), na mng'ao huo hufifia au huongezeka kiuatilifu kinapokuwepo.

Kanuni moja inahusu zote tatu: usipime sampuli yoyote bila kuiwekea kando kipimo tupu, yaani kadi au kichupa kilichotiwa bafa pekee (maji ya kipimo yanayotunza kiwango cha asidi kisibadilike), bila mboga. Wapimaji wengi huruka hatua hii ili kuokoa kadi, na ndiyo sababu karibu nusu ya mwongozo huu ipo.

Dalili: kila kadi inabaki nyeupe, hata ile ya bafa tupu

Kwa kadi ya kimeng'enya, rangi ya bluu ndiyo salama, na weupe ndio tahadhari. Mtu mpya huelewa kinyume, kwa sababu tumezoea kwamba rangi ikitokea ndipo kuna jambo. Ukishahakikisha kwamba hujakosea hapo, kisababishi cha kwanza cha kushuku ni baridi.

Kimeng'enya hiki hufanya kazi vizuri kwenye joto la takriban nyuzi 37 hadi 40. Maelekezo ya kadi nyingi husema udondoshe matone mawili au matatu kwenye kiduara cheupe, usubiri dakika 10 kwenye joto hilo, kisha uikunje kadi ili viduara vigusane na kuibana kwa vidole kwa dakika 3. Arusha iko juu, kwenye kimo cha takriban mita 1,400, na asubuhi ya Julai ghala lenye paa la bati huwa baridi kiasi cha kukufanya upime ukiwa umevaa koti. Kimeng'enya hulegea, bluu haitoki, na mpimaji anaandika kwamba mboga ina sumu. Mwaka mmoja niliwahi kukataa mzigo mzima wa maharage machanga kwa njia hiyo. Mama aliyeuleta aliniuliza kwa upole, «Mwanangu, hiyo karatasi umeipima na maji?» Sikuwa nimeipima. Nilipodondosha bafa tupu kwenye kadi mpya, nayo ikabaki nyeupe, na ilibidi nimwombe radhi mbele ya vijana wa ghala. Mwenzangu wa Moshi, ambako ni chini na kuna joto zaidi, alikuwa akitumia kadi za boksi lilelile bila tatizo lolote.

Ukaguzi wake ni rahisi. Iweke kadi ndani ya mfuko wa plastiki, uilaze juu ya chupa ya maji ya uvuguvugu, kisha uweke kipimajoto pembeni yake. Kama kadi ya bafa sasa inatoa bluu, tatizo lilikuwa baridi. Usiiweke juu ya jiko au mkaa ili kuharakisha, kwa maana joto kali hukiua kimeng'enya, na kadi iliyouawa hivyo haitofautiani kwa macho na kadi iliyokutana na sumu.

Kama joto ni sahihi na bado ni nyeupe, huenda kimeng'enya kilikufa kabla hujafungua boksi. Mzigo uliosafiri kwenye buti la basi mchana kutwa, au uliowekwa dirishani pa duka, unaweza kuwa umeharibika hata kama tarehe ya mwisho bado iko mbali. Fungua kadi ya pakiti nyingine ya boksi hilohilo, halafu ya boksi tofauti. Unyevu nao huua: kadi iliyofunguliwa jana na kurudishwa kwenye mfuko usiofungika vizuri itupe.

Kisababishi cha tatu ni maji. Bafa iliyochanganywa kwa maji ya bomba yenye klorini, au maji yaliyotiwa dawa ya kutibu maji ya kunywa, hukidhuru kimeng'enya na hata kuichujua rangi yenyewe. Tumia maji yaliyokenekwa, yale yanayouzwa kwa ajili ya betri za magari, lakini soma lebo mara mbili, kwa kuwa duka hilohilo huuza pia asidi ya betri katika chupa zinazofanana.

Dalili: kila kadi inakuwa bluu, hata ya mboga iliyopuliziwa jana

Hii ndiyo hitilafu ya hatari zaidi, kwa sababu haimsumbui mtu. Kisababishi cha kwanza, na kinachotokea mara nyingi kuliko vingine vyote, ni kwamba mkulima alitumia kiuatilifu ambacho kadi hiyo haikutengenezwa kukiona. Kadi ya kolinesterasi huona organofosfati na karbamati tu. Haioni viuatilifu vya jamii ya pareto ya viwandani kama lambda-sihalothrini, haioni imidaklopridi, haioni abamektini, wala haioni dawa za ukungu kama mankozebu. Nenda soko la Kilombero hapa Arusha ukachukue nyanya yenye vumbi jeupe linalobaki kidoleni ukiipangusa, ipime kwa kadi hii, na mara nyingi utapata bluu nzuri kabisa. Vumbi hilo kwa kawaida ni dawa ya ukungu, na bluu hiyo haisemi lolote juu yake. Muulize aliyepulizia alitumia nini, au mwombe akuonyeshe kopo. Swali hilo halina gharama na hutoa majibu ambayo kadi haiwezi kutoa.

Kisababishi cha pili kinawashangaza hata walioingia darasani. Baadhi ya organofosfati, kama klorpirifosi, diazinoni na malathioni, zina atomu ya salfa ambayo huzifanya zikifunge kimeng'enya kwa udhaifu mkubwa zikiwa katika umbo lake la awali. Ndani ya mwili wa mdudu au wa mtu, ini na viungo vingine huiondoa salfa hiyo na kuweka oksijeni mahali pake, na hapo ndipo sumu inapokuwa kali. Kadi haina ini. Maabara huiga hatua hiyo kwa kuongeza kioksidishaji, kwa mfano maji ya bromini, kabla ya kupima, na baadhi ya vifurushi vya vipimo huja na kichupa cha kazi hiyo. Kama kifurushi chako hakina, usijitengenezee bromini: mvuke wake huchoma macho na mapafu, na kazi hiyo ni ya maabara yenye kabati la kuvutia hewa.

Cha tatu ni maji yenye magadi. Visima vingi vya upande wa Mlima Meru vina maji yenye fluoridi na bikaboneti nyingi, yaleyale yanayowaachia watu wa huko meno ya kahawia. Maji ya aina hii yakiwa na ualikali mkubwa huweza kuikata kemikali ya kiduara chekundu yenyewe, bila kimeng'enya, na bluu ikatokea hata mahali ambapo kimeng'enya kimefungwa kabisa. Ili kukagua, chukua kadi uliyoiua kimeng'enya makusudi kwa kuishikilia kwenye mvuke wa birika, iache ipoe, dondoshea bafa yako, kisha uikunje kama kawaida. Ikitoka bluu, bafa yako ndiyo mwongo. Kadi hiyo iliyouawa inafaa pia kumwonyesha mpimaji mpya sura halisi ya weupe, ingawa haithibitishi kwamba kadi nzima zina uwezo wa kuona kiwango kidogo.

Mwisho ni kiwango chenyewe. Kwa viuatilifu vingi vya jamii hizi mbili, kadi huanza kubadilika kuanzia takriban miligramu 0.3 hadi zaidi ya 2 kwa kilo moja ya mboga, kulingana na kiuatilifu. Kikomo cha chini ambacho Umoja wa Ulaya hukitumia mahali ambapo hakuna kikomo maalumu ni miligramu 0.01 kwa kilo, na klorpirifosi iliwekwa kwenye kiwango hicho mwaka 2020. Kwa hiyo anayefungasha maharage kwenda Ulaya na kuridhika na kadi ya bluu anajidanganya kwa tofauti ya mara thelathini au zaidi.

Dalili: nyanya, hoho, vitunguu na figili tu ndizo zinazotoa weupe

Kama kabichi na maharage ya shamba hilohilo yanatoa bluu, na nyanya au pilipili hoho zinatoa nyeupe au waridi, usikimbilie kumlaumu mkulima. Rangi ya bluu inayotokea kwenye kadi nyingi ni ileile ambayo wanafunzi wa kemia huitumia kupima vitamini C: vitamini C huifanya ipoteze rangi kabisa, na asidi huigeuza kuwa ya waridi. Juisi ya hoho ina vitamini C nyingi, na nyanya ina asidi yake. Jaribu hivi: chukua kadi ya bafa ambayo tayari imekuwa bluu, idondoshee tone moja la juisi ya sampuli. Bluu ikififia mbele ya macho yako ndani ya dakika moja, ni juisi inayoila rangi, na kimeng'enya hakihusiki.

Vitunguu maji, vitunguu saumu, figili, uyoga na jamii zake zina kemikali zao za asili zinazokisumbua kimeng'enya. Dawa ya yote haya ni moja: usikate wala kusaga. Loweka nyanya nzima au kitunguu kizima kwenye bafa, tikisa kwa dakika chache, kisha pima maji hayo. Masalia mengi ya dawa za kugusa hukaa juu ya ganda, ilhali vitamini na asidi ziko ndani. Gharama yake ni kwamba dawa iliyoingia ndani ya mmea haitaonekana, na hilo liandikwe kwenye daftari pembeni ya jibu.

Dalili: kimiminika cha dhahabu kimegeuka zambarau kabla ya kuweka sampuli

Chembe za dhahabu zenye upana wa takriban nanomita 13 huonekana nyekundu kama divai zikiwa zimetawanyika, na hugeuka zambarau hadi bluu zikigandana. Huzuiwa kugandana na chaji hasi iliyo juu yake, na chumvi yoyote huipunguza nguvu chaji hiyo. Kwa hiyo maji ya kisima, jasho la mkono au chombo kilichosuuzwa kwa maji ya bomba vinatosha kuharibu kichupa kizima. Cha kwanza kuangalia ni vyombo: tumia vichupa vipya vya plastiki badala ya vilivyooshwa. Cha pili ni friji. Kimiminika hiki huhifadhiwa kwenye baridi ya nyuzi 4 hivi, lakini kikiganda barafu hata mara moja chembe zake hushikana, na hakirudi kikiyeyushwa. Friji ndogo nyingi huwa na baridi ya kugandisha kwenye rafu ya juu, kiweke chini.

Kinachotatanisha zaidi ni usomaji. Katika baadhi ya vipimo vya dhahabu hakuna kimeng'enya, na kiuatilifu chenyewe ndicho kinachozigandisha chembe, kwa hiyo bluu ni tahadhari. Katika vingine kimeng'enya kipo, na kazi yake ni kutengeneza tiokolini yenye salfa inayoshika dhahabu na kuigandisha. Kiuatilifu kikiwepo kimeng'enya hufungwa, na kimiminika hubaki chekundu. Huko wekundu ndio tahadhari. Nimeona watu wawili kwenye meza moja, kila mmoja na kifurushi chake, wakibishana juu ya nyanya moja na wote wakiwa wamesoma sawasawa. Andika kwa kalamu ya wino mzito juu ya boksi: ni rangi ipi inayoashiria tahadhari. Kumbuka pia kwamba kitunguu saumu kimejaa salfa yake, na kinaweza kuzigandisha chembe bila kiuatilifu chochote.

Dalili: chini ya taa kila kitu kinang'aa, au hakuna kinachong'aa

Hapa anza na taa. Vipimo vingi vya mng'ao vinahitaji mwanga wa nanomita 365, ambao jicho karibu haliuoni. Tochi za bei nafuu hutoa nanomita 395, na ukiziwasha utaona mwanga wa zambarau mwingi unaofunika mng'ao hafifu wa bluu. Ukaguzi wa haraka ni maji ya toniki yenye kwinini, ambayo yanapaswa kung'aa bluu angavu. Yasipong'aa vizuri, taa haifai au betri imeisha. Taa ya kukagulia noti kwa kawaida hufaa zaidi ya tochi. Usiangalie taa hizi moja kwa moja, na usimwachie mtoto.

Kama kila kitu kinang'aa bluu, ondoa karatasi nyeupe ya kuandikia iliyo chini ya sampuli, pamoja na kitambaa kilichofuliwa kwa sabuni ya unga, kwa kuwa vyote vina viangazaji vinavyong'aa vyenyewe. Weka sampuli juu ya kitu cheusi, kwenye chumba chenye giza. Kama kinachoonekana ni mng'ao mwekundu, hiyo ni klorofili ya chainizi au mnavu wako, na haihusiani na kiuatilifu.

Mng'ao uliofifia kwa mboga za majani pekee unahitaji subira zaidi. Juisi ya kijani huumeza mwanga wa taa kabla haujafika kwenye nukta za kaboni, na huumeza tena mng'ao unaotoka. Kipimo kinasoma giza hilo kama kiuatilifu. Punguza juisi kwa bafa mara mbili, kisha mara nne, na kila hatua ilinganishe na juisi ya mboga ya aina hiyohiyo unayojua haikupuliziwa, kwa mfano ya bustani ya nyumbani. Giza likiwa sawa kwa zote mbili, kisababishi ni kijani. Wengine huchuja kwa mkaa amilifu, na unasaidia, lakini mkaa huohuo hunasa pia baadhi ya viuatilifu, kwa hiyo sampuli isiyoonyesha kiuatilifu baada ya mkaa isichukuliwe kuwa ushahidi wa usafi.

Vifurushi vyenye nukta za kwanta (chembe ndogo mno zinazong'aa) zilizotengenezwa kwa kadimi, metali yenye sumu, visimwagwe kwenye sinki wala shimoni. Vikusanye kwenye chupa yenye lebo na uvikabidhi kwa maabara.

Dalili: sampuli mbili za mzigo mmoja zinapingana

Mara nyingi zote ziko sahihi. Dawa haitui sawasawa, na jani la nje la kabichi lililopokea dawa haliwezi kufanana na la ndani. Chukua vipande kutoka sehemu kadhaa za mzigo na uvichanganye. Kama ni kadi ileile inayosomwa tofauti na watu wawili, tumieni saa, kwa kuwa bluu huendelea kukolea baada ya dakika 3, na wote msome kwa mwanga wa mchana. Picha ya simu haitoshi, maana simu husawazisha rangi yenyewe.

Wakati wa kuacha na kumwita mtaalamu

Acha kupima mara moja kama kuna mtu aliyekula au kugusa mboga hiyo na mboni za macho yake zimekuwa ndogo, anatoka jasho na mate mengi, anatapika, misuli inatetemeka au anapumua kwa shida. Mpeleke hospitali pamoja na kopo au lebo ya dawa kama ipo, na usimpe maziwa wala kumtapisha.

Acha pia ukipata jibu la tahadhari mara tatu mfululizo huku kipimo tupu kikiwa sawa. Usimtaje mkulima sokoni wala kwenye kundi la simu kwa ushahidi wa kadi. Kadi inatosha kuuzuia mzigo, haitoshi kumshitaki mtu. Jibu linalosimama hutoka kwenye mashine za kromatografia zilizounganishwa na spektrometa ya masi, yaani mashine za maabara zinazotenganisha kemikali na kuitambua kila moja. Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania ina makao yake hapahapa Arusha, upande wa Ngaramtoni, na masuala ya usalama wa chakula sokoni yako chini ya Shirika la Viwango Tanzania.

Kwa sampuli ya kupeleka, mwongozo wa Codex, tume ya kimataifa ya viwango vya chakula, ni angalau kilo 1 yenye vipande visivyopungua 10 kwa mboga za ukubwa wa nyanya, na kilo 2 yenye vipande visivyopungua 5 kwa kubwa kama kabichi. Usiioshe, usimenye, usichambue majani. Itie kwenye mfuko mpya wa plastiki, andika shamba, tarehe ya kuvuna, tarehe ya mwisho ya kupulizia na jina la dawa kama alivyolitaja mkulima, kisha iweke kwenye boksi lenye barafu na uifikishe siku hiyohiyo. Mzigo uliobaki uache ghalani, umefungwa, hadi jibu lirudi.